Mazimwi Yanayokufa Kizembe: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Mwongoza Mchezo

Jumamosi moja ya Agosti, upepo ukipiga mabati ya kibaraza tunachochezea Dungeons & Dragons huku Nkuhungu, Dodoma, nilitoa jitu nililoliandaa wiki nzima. Ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, mwongozaji anaendesha mazimwi, na dadu inaamua nani kapata na nani kakosa. Ogre kamili: pointi 59 za uhai, na rungu ambalo likikupata linaondoka na wastani wa pointi 13. Wachezaji walikuwa wanne, wahusika wao wa ngazi ya pili. Jitu likasimama mbele yao, likapiga, likakosa, likapigwa. Raundi ya tatu lilikuwa chini. Dada mmoja wa kundi letu, muuguzi, akaokota kizibo cha soda tulichokitumia badala ya sanamu, akakigeuzageuza vidoleni, akaniuliza: "Kaka, hivi huyu alikuwa anataka nini?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana jitu likafa vile.

Tangu siku hiyo, pambano likiharibika mezani naanza na swali lake kabla ya kugusa namba yoyote. Mara nyingi chanzo nakikuta hapo. Mara nyingine tatizo ni hesabu tu, na hesabu nayo ina tiba yake. Hapa nazipitia dalili ninazokutana nazo mara kwa mara, kwetu na kwa vijana wa vyuoni wanaokuja kuuliza mbona mazimwi yao hayatishi.

Namba nitakazotaja ni za Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014. Huhitaji kununua kitabu ili uzihakiki: kanuni za msingi, pamoja na mazimwi yote ninayoyataja, ziliwekwa huru Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na zinapakuliwa kwenye simu. Ukicheza toleo jingine, namba zitabadilika ila tabia za mazimwi zitabaki zilezile kwa sehemu kubwa. Na kama huna dadu ya pande 20, usikae kusubiri. Sisi tulianza na vizibo ishirini vya soda, tumeviandika 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya kopo la kahawa. Unatikisa, unachota bila kuangalia, unasoma, unarudisha.

Dalili: Wote wamesimama mahali pamoja, wanapeana mapigo kwa zamu

Hii ndiyo inayoua michezo mingi. Raundi ya kwanza watu wanasogea, raundi ya pili wamekutana katikati, na kuanzia hapo kila mtu anasema "napiga" mpaka mmoja aishe. Ukiingia kibarazani wakati huo utadhani watu wanatwanga mahindi.

Chanzo cha kwanza ni woga wa kanuni moja: ukiondoka karibu na adui bila kujihami, anakupa pigo la bure. Mwongozaji mpya akishaijua kanuni hiyo, hamwondoi zimwi wake tena. Chanzo cha pili ni uwanja mtupu. Pambano limewekwa kwenye chumba cha mraba kisicho na hata stuli, sasa mtu asogee kwenda wapi? Chanzo cha tatu, ambacho nakiona ndicho kikubwa, ni kwamba mwongozaji amesoma kinga (namba ambayo dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza ya mpigaji lazima iifikie ili pigo lipate), uhai na pigo la zimwi, akaishia hapo. Mistari iliyo kati, inayoeleza zimwi lina ujanja gani, hakuisoma.

Mchukue goblini, zimwi dogo lenye hila. Ana pointi 7 za uhai. Akisimama mbele ya mpiganaji mwenye panga ni marehemu, na yeye mwenyewe anajua. Lakini kitabu kimempa kitu ambacho wahusika wengi wa ngazi za chini hawana: kila zamu, baada ya kupiga, anaweza kutumia kitendo cha ziada ama kujinasua bila kupewa pigo la bure, ama kujificha. Kimoja kati ya hivyo, si vyote viwili. Na ana upinde unaofika futi 80 bila shida.

Aliyewahi kulinda shamba la mahindi au karanga chini ya vilima vya mawe, kama vilivyojaa kuanzia Dodoma mjini mpaka Kondoa, ameshakutana na goblini. Ni nyani. Nyani hawaji kupigana na wewe. Mmoja anakaa juu ya jiwe anaangalia. Wengine wanashuka kimya, wanavunja mahindi, na ukitoka na fimbo wanarudi mbio hadi kwenye mawe ambako huwezi kuwafuata. Unarudi kibandani. Hujakaa vizuri, wameshuka upande wa pili. Jioni huna jeraha hata moja na shamba limekwisha.

Basi nikapanga pambano hivyohivyo. Kilima cha mawe, mibuyu miwili chini, njia nyembamba inapita katikati. Goblini wanne juu, kila mmoja nyuma ya jiwe lake, na punda wa msafara amebeba magunia. Raundi ya kwanza mishale minne ilitoka mahali ambapo wachezaji hawakuona mtu. Hapa hesabu inafaa kuangaliwa. Dhidi ya mhusika mwenye kinga 15, goblini, mwenye nyongeza ya 4, anahitaji 11 kwenye dadu, yaani nusu kwa nusu. Akipiga kutoka mafichoni anarusha dadu mara mbili na kuchukua iliyo kubwa, kwa hiyo anapata mara tatu katika nne. Kisha anarudi nyuma ya jiwe na kujificha tena. Kijana anayecheza mpiganaji akapanda kwa hasira, akamfikia mmoja. Goblini akamchanja kwa jambia, akajinasua, akateremka upande wa pili futi 30. Mpiganaji akabaki juu ya jiwe peke yake, na wale watatu sasa wanamwona vizuri sana.

Walishinda. Walishinda kwa sababu yule dada muuguzi alisema waache kupanda, wajifiche nyuma ya mbuyu na kila mmoja angoje kitendo chake: goblini akichungulia tu, mishale yote kwake. Hiyo ndiyo raha ninayoitafuta. Zimwi likicheza kwa akili, wachezaji nao wanaanza kufikiri.

Tiba kwa ufupi: soma ujanja wa zimwi kwanza, halafu lijengee mahali ambapo ujanja huo unafaa. Si lazima kila zimwi likimbiekimbie. Hobgoblini, ndugu mkubwa wa goblini mwenye nidhamu ya kijeshi, ana kinga 18 na anaongeza dadu mbili za pande sita kwenye pigo lake, mara moja kwa zamu, kama mwenzake yuko ndani ya futi 5 za adui anayepigwa. Huyo aje kwa mstari, bega kwa bega, ngao mbele, wala asitoke kwenye mstari. Wachezaji wakiona goblini wanaruka juu ya mawe na hobgoblini wanakuja kama gwaride, watajua kabla hujatamka jina kwamba hawa ni watu wawili tofauti.

Dalili: Zimwi kubwa liko peke yake na linakufa kabla halijafanya kitu

Hapa tatizo ni hesabu, na jitu langu ndilo mfano. Kinga ya ogre ni 11 tu. Mhusika mwenye nyongeza ya 5 anampata akitoa 6 au zaidi, mara 15 katika 20. Kila pigo likiondoa pointi 8, watu wanne wanamwondolea kama 24 kila raundi. Pointi 59 zinakwisha raundi ya tatu. Muda wote huo yeye amepata zamu mbili au tatu, na baadhi amekosa.

Mchukue bingwa yeyote wa bao, mwambie mpinzani wake atacheza mara nne kwa kila mara moja atakayocheza yeye. Nyumba yake iwe imejaa kete namna gani, hafiki mbali. Ndiyo maana kumwongezea ogre uhai hakusaidii. Nimejaribu kumpa pointi 120. Pambano lilikuwa lilelile, refu zaidi.

Kinachosaidia ni kumwongezea zamu au kuwapunguzia wao. Mpe wenzake: goblini wawili wanaomtumikia kwa woga, wanaopiga mishale wakati yeye anashughulika. Au anza kwa mbali: ogre ana mikuki ya kurusha, futi 30 kwa urahisi na hadi 120 kwa shida, na sijakutana na mwongozaji mpya aliyeikumbuka. Au watenganishe wachezaji: korongo, daraja la magogo, mlango mmoja mwembamba ambao ni mmoja tu anayeweza kusimama mbele yake. Kwa mazimwi ya juu kabisa kitabu chenyewe kimeshaliona tatizo hili. Joka lililokomaa lina vitendo vitatu vya ziada ambavyo linavitumia zamu za wengine zinapoisha, na mara tatu kwa siku linaweza kuamua kwamba uchawi uliolishinda haukulishinda. Mwongozaji akivisahau hivyo, amelifunga joka mikono.

Dalili: Hakuna zimwi linalokimbia, yote yanakufa hadi la mwisho

Goblini kumi wameingia, tisa wamelala, wa kumi bado anarusha jambia. Kwa nini? Muulize swali la yule dada. Alikuja kuiba magunia. Magunia hayana faida kwake akiwa maiti.

Sababu ni kwamba toleo la 2014 halikulazimishi uamue nani anavunjika moyo, kwa hiyo waongozaji wanasahau kabisa. Matoleo ya zamani yalikuwa na kipimo chake. Katika toleo la Basic la mwaka 1981, kila zimwi lilikuwa na namba ya ujasiri. Unarusha dadu mbili za pande sita. Jumla ikizidi namba hiyo, limekata tamaa. Koboldi, zimwi jingine dogo, alikuwa na 6, goblini 7, ogre 10. Mimi nimeirudisha mezani kwangu, na ningemshauri kila mtu airudishe. Tunarusha mara mbili kwa pambano: wa kwanza wao anapokufa, na nusu yao wanapokuwa chini. Goblini ana nafasi 15 katika 36 ya kukimbia kila unaporusha. Koboldi ni 21 katika 36, zaidi ya nusu. Ogre ni 3 tu katika 36, na hiyo inaniambia mengi kuhusu ogre: hakimbii kwa sababu hajawahi kuona haja ya kukimbia.

Anayekimbia anakwenda mahali. Goblini aliyepona anakwenda kuwaambia wenzake kwamba kuna mwanamke anayerusha moto kutoka mkononi, na usiku ule mishale ya kwanza itamwelekea yeye. Hapo ndipo ninaporuhusu mazimwi "kumjua" mchawi wa kundi. Ukiwafanya wamlenge tangu raundi ya kwanza, hawajaona lolote, wachezaji watahisi kwamba ni wewe unayewalenga.

Dalili: Mnyama anapigana kama askari

Mwongozaji ametoa kundi la fisi. Fisi wanajipanga, wanamzunguka mpiganaji mwenye deraya nzito kuliko wote, wanamng'ata mpaka wanakufa. Nikiona hivyo naumia, kwa sababu fisi tunawajua.

Baba yangu mdogo alifuga mbuzi upande wa Bahi, na nilipokuwa mdogo nililala kwake usiku ambao fisi walikuja. Mbwa walianza kubweka upande wa mashariki. Sote tukakimbilia mashariki na vijinga vya moto. Yeye hakukimbia. Alibaki upande wa magharibi akisikiliza, kijinga chake kikifuka moshi bila mwali, na baada ya muda nikasikia alichokuwa anakisikia: miba ya mgunga ikivutwa, taratibu, tawi baada ya tawi. Alipopuliza kijinga kikashika, macho yalirudi nyuma hatua kumi, yakatulia hapo. Hawakuondoka. Walikaa gizani hadi karibu na alfajiri. Mbuzi waliyemtaka alikuwa mmoja tu, mwenye mguu mbovu, aliyekuwa amelala karibu na ua.

Kila unachohitaji kwa pambano la wanyama kiko hapo. Wanajaribu kwanza. Wanamtaka aliyejitenga, aliyejeruhiwa au mdogo, deraya haiwahusu. Wanaogopa moto ila hawausahau mlo. Na wakishapata mmoja, vita imekwisha kwa upande wao: wanamburuta na kwenda. Kanuni zinasaidia, maana fisi na mbwamwitu wa kitabuni wanapiga kwa faida, yaani wanarusha dadu mara mbili na kuchukua iliyo kubwa, mwenzao akiwa karibu na windo, na mbwamwitu anaweza kukuangusha chini akikung'ata. Kwa hiyo wawili wawili kwa mtu mmoja, aliye mwisho wa msafara, usiku. Ila fisi wa kitabuni ana pointi 5 za uhai, na hilo silikubali. Mezani kwangu fisi anachukua namba za mbwamwitu, pointi 11 na jino lake, na bado namwona amepunjwa.

Kipimo changu cha nani anampiga nani ni akili iliyoandikwa kwenye karatasi ya zimwi. Akili 2 au 3, mnyama: anakwenda kwa aliye dhaifu na aliye karibu. Akili 5, kama ogre: anampiga aliyemuumiza mwisho, hata kama huo ni ujinga. Akili 10, kama goblini: anajifunza akishaona mara moja. Kuanzia hapo kwenda juu, zimwi limeshawachunguza kabla hamjafika.

Dalili: Joka linatua

Fupi tu. Joka jekundu changa linaruka futi 80 kwa zamu, pumzi yake ya moto inafika futi 30 na inaondoa wastani wa pointi 56. Halafu mwongozaji analitua katikati ya mapanga manne! Lishuke, lipulize, lipande. Pumzi inarudi kwa 5 au 6 kwenye dadu ya pande sita, basi likingoja lizunguke mbali na mishale, na kivuli chake kiwapitie wachezaji chini. Litatua kwa sababu mbili: mtu amegusa hazina yake, au mtu amelitukana. Wachezaji wakiligundua hilo wenyewe, wamestahili kulipata chini.

Dalili: Wachezaji wanasema unawaonea

Wasikilize, mara nyingi wana haki. Angalia kwanza kama mazimwi yako yanawapiga walioanguka. Mhusika akifika sifuri yuko kwenye mashaka: kila zamu yake anarusha dadu ya kuokoa maisha, na akifeli mara tatu amekufa. Pigo moja la karibu juu ya aliyezimia linahesabika kufeli mara mbili. Maana yake mapigo mawili yanamzika mtu ambaye hawezi hata kujitetea, na kijana aliyemlea mhusika huyo miezi sita anatazama tu. Mimi naruhusu hilo kwa zimwi lenye sababu: lenye njaa linaloanza kula hapohapo, au adui mwerevu aliyeshaona mganga akimwinua mtu yuleyule mara mbili. Wengine wote wanahamia kwa aliyesimama, kwa kuwa ndiye anayewatishia.

Dalili: Pambano halimaliziki

Saa mbili za meza kwa raundi nne. Goblini wote wapate zamu moja ya pamoja, usiwatenganishe. Tumia wastani ulioandikwa badala ya kurusha dadu za madhara. Jambia la goblini ni 5, basi, 5. Na zimwi lililobakiwa na pointi 2 liache lianguke.

Dalili: Wachezaji wanatumia mbinu moja kila mara, na inafanya kazi

Kwa kawaida mbinu yenyewe ni moto. Mlete troli. Ana pointi 84 na kila zamu yake ikianza anarudishiwa 10, isipokuwa ameguswa na moto au tindikali. Waongozaji wengi humfanya atembee kwenye moto kana kwamba hajui. Troli ameishi na mwili ule maisha yake yote! Anajua nini kinachomuuma. Atamwendea mshika mwenge kabla ya mtu yeyote, atakuja wakati wa mvua, atavizia mtoni ambako mienge inazimika. Moto bado ni jibu sahihi, ila sasa inabidi waulinde.

Nililirudisha lile jitu miezi michache baadaye. Njia ileile ya mawe, wachezaji walewale, pointi 59 zilezile. Safari hii nilikuwa na jibu: lilikuwa na njaa, na lilitaka punda. Lilirusha mkuki mmoja kutoka juu, wachezaji wakajificha, likateremka, likamkamata punda kwa mguu wa nyuma, likaanza kupanda kilima likimburuta na magunia yote ya dawa. Halikumgusa mtu. Mezani kukawa kimya, upepo tu juu ya mabati. Kisha mpiganaji akasema tulifuate, mchawi akasema huko juu kuna mawe na giza linaingia, na yule dada muuguzi akavuta kopo la vizibo karibu yake, akauliza: "Dawa zile ni za kijiji gani?"